Saa Moja Kati ya Brussels na Lisbon

Papa,

Ni mwezi wa tatu tangu tukuzike, na bado nashonea kwenye cherehani yako hapa ugenini, Yeoville. Kiti nimekishusha kidogo, maana miguu yangu haifiki. Wateja wanakuulizia. Leo nakuandikia kwa sababu nimegundua jambo, na nina hakika ungelipenda, ingawa litakuuma.

Unakumbuka ulivyotaka dada Nadine na kaka Didier watembeleane huko Ulaya? Ulikuwa hoi kitandani, lakini uliwapigia wote wawili kuuliza ndege inachukua muda gani. Dada akasoma ratiba ya kwake Brussels: unaondoka saa nne asubuhi, unafika Lisbon saa sita kasoro dakika kumi. Kaka akasoma ya kwake Lisbon: unaondoka saa nne, unafika Brussels saa saba na nusu na ushee. Ukahesabu kwa vidole. Kwa dada, saa mbili hazitimii. Kwa kaka, zinapita tatu na nusu. Ukaniambia, "Ule mutoto iko nanidanganya. Hataki kwenda kwa dada yake." Hukupokea tena simu yake mpaka ukafariki. Nami sikupokea.

Baada ya mazishi Nadine alikwenda Lisbon ili walie pamoja, kwa kuwa hawakuweza kuja huku. Jana alinitumia picha ya tiketi yake, kwenda na kurudi. Saa ni zilezile walizokusomea! Nikaacha kushona. Ndege ya kurudi inazunguka wapi? Au ni upepo? Nikatafuta kwenye simu: ni kilomita kama elfu moja na mia saba, hazipishani sana na kutoka hapa hadi kwetu Lubumbashi.

Ndipo nikakumbuka ulivyonifundisha, kwamba mikono ya shati ikipishana urefu, nikague kwanza futi ya kupimia ilianzia wapi. Papa, saa ya Lisbon iko nyuma ya Brussels kwa saa moja. Ukienda, hiyo saa moja inajificha, ukirudi, inajitokeza. Angani ni saa mbili na dakika arobaini hivi, kwenda na kurudi.

Na sisi ni watu wa Lubumbashi! Kila jioni tulingoja habari za saa mbili za Kinshasa ilhali kwetu ni saa tatu, nawe ukitania kwamba Kinshasa hawajafika bado. Sijui ilikuwaje tukasahau.

Nilimpigia Didier. Habari ya saa hakuijali. Aliuliza kama ulikufa umemkasirikia. Nilitaka kumficha, nikashindwa. Nilisema ndiyo, na kwamba tuliokosea ni wewe na mimi. Akaniuliza kama nimekula. Nililia, Papa, kwa sababu hilo ndilo swali lako.

Pumzika sasa. Kila Jumapili nitampigia mwanao, kwa niaba yako pia. Na kabla ya kusema lolote, nitamuuliza kwake ni saa ngapi.

Binti yako,
Solange