Niliogopa Kuandika Jina la Baba Mkwe

Mama Ikram, shikamoo. Naomba barua hii uisome kabla ya nyingine zote ulizopokea, maana sina wa kumwambia, mume wangu nimemwambia nusu tu, na kanisani nikipiga magoti maneno yanagoma kutoka.

Nimeolewa, ninaishi Ibighi hapa Tukuyu, na kazi yangu ni kutunza nyaraka katika shirika dogo linalowasaidia akina mama kisheria, wale wanaopigwa na wale wanaofukuzwa na watoto wao. Zamani mafaili yalikaa kabatini, siku hizi yote yako mtandaoni kwenye mafolda, na mimi ndiye ninayegawa ruhusa, yaani huyu aone folda hii asione ile, huyu asome tu asibadilishe kitu, na huyu akiacha kazi nimtoe. Bosi wetu, dada Mwanahalima, siku aliyonikabidhi aliniambia, "Wewe ndiye mwenye funguo, na funguo za hapa ni roho za watu." Nilidhani anatia chumvi.

Sasa baba mkwe wangu ni mjumbe wa bodi ya shirika hilo. Na sisi Wanyakyusa, sijui kama kwenu ipo, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Mjini wengi wameshaacha, lakini ukoo wa mume wangu kule Suma haujaacha hata kidogo. Nikimwona anakuja njiani naingia migombani mpaka apite, na jina lake silitaji, hata neno linalofanana nalo nalizunguka. Mama mkwe alinifundisha mara tu nilipoolewa, nikashika, na ukoo mzima unanisifia kwa hilo.

Kabla ya kikao cha bodi, mume wangu Simon akaniambia baba anataka kusoma muhtasari wa kikao kilichopita kwenye simu yake. Kitu chepesi, unafungua folda ya bodi, unaandika jina la mtu kwenye kisanduku, unachagua asome tu, basi. Nikafungua, nikaandika herufi ya kwanza, nikaifuta, vidole vikagoma kabisa, na hata anwani yake ya barua pepe ni jina lake lile lile. Ningemwomba mwenzangu aandike, lakini niliona aibu, nikajua atanicheka kwamba msomi mzima anaogopa jina. Basi nikatafuta pa kupitia kama ninavyopita migombani. Pale kuna sehemu inayosema yeyote mwenye linki anaweza kufungua, haihitaji jina la mtu. Nikabonyeza hapo, nikamtumia Simon ile linki, Simon akamtumia baba yake, na kwa haraka na woga ule sikubonyeza kwenye folda ya bodi, nilibonyeza kwenye folda kubwa inayobeba zote, pamoja na ya wateja, ambayo hata bodi hairuhusiwi kuiona.

Baba mkwe akashindwa kuifungua. Akaitupa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, akaandika, "Wanangu, nani anisaidie kufungua kitu hiki, macho yangu yamechoka. Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Simon alinionyesha huku anacheka. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu wa kwanza kujibu alikuwa Ackson, mtoto wa mdogo wake baba mkwe, fundi wa magari Kiwira, hatoki bila pikipiki yake. Aliandika, "Nitakuja kukufungulia, baba mkubwa."

Ackson ndiye mume wa Ikupa, na Ikupa ni mteja wetu. Alimvunja mkono akiwa na mtoto mgongoni, na alisema mbele ya majirani kwamba akimpata tena hataishia mkononi. Tumemficha yeye na mtoto, na baba mkwe mwenyewe hajui kama yuko chini yetu. Faili lake lina picha za hospitali, na lina nyumba anayokaa, kwa mama mmoja mjane kijiji cha (hapa nimefuta mwenyewe, Mama Ikram), na aliyeandika yote hayo ni mimi, hadi njia ya kufika.

Juzi nilikuwa nimelifungua faili hilo hilo, mara juu ya ukurasa nikaona alama kwamba kuna mwingine ameingia, hana jina, imeandikwa tu "mgeni". Nikaondoa mkono kwenye meza kana kwamba ananiona. Alikaa muda, kisha akatoka. Linki haiulizi mtu jina, kwa hiyo siwezi kujua ni nani, labda ni baba mkwe anabonyezabonyeza, labda ni mtoto wa ukoo anachezea simu, labda ndiye mwenyewe.

Nikiifunga linki, baba mkwe atakuta maneno "huna ruhusa", atauliza nani kamfungia mlango usoni, na ataambiwa ni mkamwana wake. Nikimwambia dada Mwanahalima, kazi sina. Nikiacha wazi, kila pikipiki ikipunguza mwendo nje ya ofisi nainuka kuchungulia dirishani. Naogopa kufunga na naogopa kutofunga. Nifanyeje, Mama Ikram, nisivunje heshima ya watu? Namba ninayokuandikia ni yangu, tafadhali usiichape.

Mkamwana, Ibighi

MAMA IKRAM ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Wasomaji waelewe jambo moja kwanza: barua hii sikuilaza. Nilikupigia simu nilipoimaliza tu, ukapokea kwa sauti ya mtu aliyejificha chini ya meza, nikakwambia funga hiyo linki, ukasema "lakini mama", nikakwambia funga kwanza, lakini zitafuata. Nikangoja kwenye simu mpaka ukasema imefungwa. Leo naichapa kwa idhini yako, majina na vijiji nimevibadili, kwa sababu najua wako wengi maofisini wanaoacha mafolda wazi hivyo hivyo, na wao hawana hata baba mkwe wa kumsingizia.

Pole. Najua woga wa ukweni, niliolewa na mimi. Lakini acha nikuseme. Umemwona mgeni ndani ya faili la Ikupa, ukakaa kitako ukamwandikia mtu wa gazeti. Mimi naweza kumhamisha nani? Nilipokuuliza kama Ikupa anajua, ukarudi kunieleza habari za baba mkwe, na hilo lilinitisha kuliko barua nzima. Mficha uchi hazai, mwanangu. Kufunga linki hakumfuti aliyekwisha kusoma.

Ndiyo maana nilikulazimisha uende kwa Mwanahalima simu ikiwa bado mkononi. Hakukufukuza. Nilimsikia akiuliza mara moja tu, "Tangu lini?", kisha nikasikia kiti kinasogezwa. Ikupa na mtoto waliondoka kwa yule mjane mchana ule ule, na mjane mwenyewe akaenda kwa binti yake. Kesho yake jirani akampigia mjane kwamba amepita kijana na pikipiki, anaulizia nyumba yenye mgeni mwenye mtoto mchanga. Sasa unaelewa kwa nini nilikukatisha uliposema "lakini". Jirani huyo akaandikishe maelezo polisi, dawati la jinsia, na mkamsindikize, asiende peke yake.

Sasa kuhusu heshima. Hebu niambie, baba mkwe wako huingia ndani kwako ukiwemo? Haingii. Hukohoa uani, akasubiri mtu atoke. Mila yenu haikukuwekea wewe peke yako migomba ya kujificha, hata yeye imemwekea mahali pa kuishia. Folda ya wateja ni chumba ambacho hakupaswa kuingia, na wewe ndiye uliyemwingiza. Kwa kuifunga umemrudishia adabu yake. Na wa kumweleza si wewe. Simon alijua kupeleka linki, basi apeleke na katazo, akae na baba yake, amwambie waziwazi kwamba ilitumwa kwa makosa na aifute kwenye grupu. Jina la Ikupa asilitaje huko hata kidogo. Na Simon mwenyewe mwambie ile nusu iliyobaki, maana anacheka kwa sababu hajui.

Ofisini, kuanzia sasa, kila mtu aingie kwa jina lake na kwenye folda inayomhusu tu, asome tu kama kazi yake ni kusoma, na kazi ikiisha mtoe siku hiyo hiyo, awe mjumbe wa bodi au mfagizi. Ile sehemu ya yeyote mwenye linki, mwombe Mwanahalima aizime kwa shirika zima, isibaki hata kwa dharura. Mahali anapofichwa mtu pasiandikwe popote, pakae vichwani mwa watu wawili. Na likija jina ambalo vidole vyako vinalikataa, mwite mwenzako aandike. Akicheka, mwache acheke, kuchekwa hakumvunji mtu mkono.

Ukaniuliza mwisho wa simu kama Mungu atakusamehe. Hilo kamuulize mchungaji wako. Mimi nina moja tu, na nataka likukae. Jina la baba mkwe, mtu mwenye nyumba, ukoo na kiti kwenye bodi, lilikutia hofu hata herufi moja ukaifuta. La Ikupa, asiye na pa kukimbilia, uliliandika lote, na kijiji, na nyumba, na njia ya kufika, na vidole havikugoma. Kuanzia leo, majina ya akina Ikupa nayo yaogope hivyo hivyo.