Kamba ya Nguo ya Mita Ishirini

Mau Narok,
Alhamisi jioni.

Kwako Baba,

Natumaini goti limepunguza kelele, na mbuzi wa jirani bado hawajajifunza kufungua lango lako. Mimi ni mzima, ila mtu akikohoa huko nje naruka kama sufuria imeanguka.

Najua Jumapili mbili umekaa na redio yako saa kumi, na hukunisikia nikisalimiana na yule mwalimu wa Eldoret. Simu hupendi, unasema anayepiga ana shida. Basi nimeandika. Shida ninayo, lakini angalau hii haitalia mfukoni mwako.

Ile antena ya redio yangu ya kuongea, niliyokueleza, ni waya tu: mita kumi huku, kumi kule, katikati nimeishikanisha na kipande cha mtungi wa plastiki. Niliitundika kati ya miti miwili nyuma ya stoo ya shamba, hapa ninapofanya kazi. Leseni ninayo, imebandikwa ukutani. Lakini mvua ilikuwa imechelewa, na leseni haisomwi na watu waliopanda viazi kwenye vumbi.

Walikuja watatu, mbele yao Mzee Samweli, jirani wa shamba hili.

"Mathe wa stoo," akasema akiangalia juu, "hiyo waya inakata mvua."

"Mzee, hiyo ni ya kuongea tu."

"Unaongea na nani huko juu?"

"Na mwalimu wa Eldoret."

"Kwao kunanyesha?"

Baba, wewe ulinifundisha nisiseme uongo. Nikasema kunanyesha. Hapo nikajimaliza mwenyewe.

Wakanipa mpaka Jumapili niishushe. Ijumaa nikakuta mti mmoja umekatwa alama ya panga. Nilijipima: iko sawa na shingo yangu. Jumamosi nikaishusha, nikifungua mafundo kwa meno. Jumapili ikanyesha mpaka mtaro ukafurika.

Nikadhani yameisha, kumbe ndiyo nimethibitishwa. Jumatatu wakaja wenye ngano, maana ngano yao imeshakauka inangoja kuvunwa. Mama Ruth, ambaye ana ngano kutoka hapa mpaka barabarani, alikuja na kuku kwapani.

"Rudisha waya yako wiki mbili tu, mama, tuvune."

"Mama Ruth, hiyo waya haina nguvu yoyote."

"Kila fundi wa mvua husema hivyo. Kwani wa viazi wamekupa nini?"

Kuku akabaki. Waya ikakaa chini ya kitanda wiki nzima, na mimi juu yake macho wazi. Nikiipandisha, kuna panga. Nisipoipandisha na ngano ioze, nimewaroga. Huku nyuma kila anayenipita njiani ananisalimia kwa heshima, na hiyo ndiyo inaniogopesha zaidi. Zamani walikuwa hawanioni kabisa.

Basi nikafanya ujanja, ule uliosema utaniua siku moja. Nimeifunga nyuma ya nyumba kama kamba ya nguo, kimo cha bega, nikaanika shuka. Ikiwa chini hivyo haifiki mbali, lakini Eldoret na kwako Kitui inafika. Tatizo ni moja: kamba ya mita ishirini, na mtu ana shuka tatu.

Leo mchana Mzee Samweli alisimama kwa ua.

"Mathe, hiyo shuka ina siku tatu. Haikauki?"

"Jua limekuwa kidogo, Mzee."

Akaangalia juu. Jua lilikuwa linachoma mpaka mabati yanalia.

"Haya," akasema, akaenda polepole, akigeuka mara mbili.

Nimeanika ya pili.

Msalimie Mama, umwambie kuku nimepata bila kununua, ila naogopa kumchinja. Msalimie shangazi wa dukani, na kaka yangu fundi wa baiskeli. Asije huku kunitetea, atanimalizia kazi.

Jumapili saa kumi washa redio, Baba. Ukisikia mkoromo tu, isogeze dirishani. Usiposikia kitu kabisa, siku hiyo wewe ndiwe upige simu.

Ni mimi binti yako, ninayefua kila siku,
Mwende