Somo la Nje Limenitoa Shuleni

Buseresere, 9 Machi 1954

Mjomba Stanslaus,

Shikamoo. Mama hajambo, na ng'ombe mwekundu amezaa.

Mwalimu Apolonia, uliyemfunza chuoni kufundishia nje, alitupeleka kupima shamba la pamba kwa kamba. Baba akapita.

"Nimekuleta usome au umpalilie mwalimu pamba?"

"Baba, hizi ni hesabu."

"Hesabu ziko ubaoni! Twende nyumbani."

Mwalimu aliyemtangulia alitulimisha shamba lake kweli, ndiyo maana Baba haamini. Lakini wewe, mjomba, umeniudhi zaidi. Mliwafundisha walimu kutoka nje, wazazi hamkuwaambia hata neno. Ijumaa jina langu litafutwa. Usinijibu kwa barua. Panda lori la Alhamisi, uje umwambie mwenyewe.

Ni mimi mpwa wako, ambaye bado ninataka kusoma,

Generosa