Njiwa wa Nyanchwa, Popote Alipo

Mama Kemunto,

Najua si vizuri kumwandikia marehemu kwa hasira, lakini sina muda wa kungoja ipoe. Daktari ameacha kunidanganya, na mkono huu uliosahihisha insha miaka yote hiyo sasa hauwezi hata kuinua kikombe.

Tangu tulipokuzika, wafuasi wako hawajaacha kuja. Wasichana wa Tabaka, akina mama wa Nyamira, wote waliokufahamu kwa zile kadi za salamu ulizotuma redioni. Wanataka kuona nyumba ya Njiwa wa Nyanchwa, jina lako la redioni. Wanasimama uani, wanatazama kiti chako, wanarudia ule msemo wako: "Kwetu hakuna kununiana!" Mimi nawakaribisha chai tu.

Lakini juzi alikuja Nyaboke, yule aliyejiita Njiwa Mdogo wa Nyamarambe katika kadi zake. Mtoto mgongoni, mfuko wa nguo mkononi. "Mwalimu, nimemwacha mume wangu," akasema. "Ameninunia tangu Jumapili. Njiwa hangekubali maisha kama hayo."

Mume hampigi. Halewi. Amenuna tu! Nilichemka, Mama Kemunto. Nilikukasirikia wewe, nikaikasirikia redio, nikajikasirikia mwenyewe.

Basi nikamwambia. Kwamba nilipompa ndugu yangu ng'ombe wako wa maziwa bila kukuuliza, hukunisemesha msimu mzima wa mahindi. "Kemunto, mwambie baba yako chakula kiko mezani," nami nimeketi papo hapo mezani. Sabato tulishika kitabu kimoja cha nyimbo, kila mtu akiimba akitazama upande wake. Kisha redio ikatangaza: Njiwa wa Nyanchwa anamsalimu mume wake mpenzi, Mwalimu, popote alipo. Popote alipo! Nilikuwa mlangoni pa jikoni, nakutazama ukimenya ndizi. Majirani wakapiga makofi huko kwao. Nami niliyapenda makofi hayo. Ndiyo maana sikuwahi kumwambia mtu.

"Kumbe mlikuwa mnatuchezea," Nyaboke akasema. Kisha akauliza, "Na mwishowe ni nani aliongea kwanza?"

"Redio," nikasema.

Hakucheka. Akamkaza mtoto mgongoni, akachukua mfuko wake. "Yetu betri zimeisha, Mwalimu. Wacha nirudi nikamsemeshe na huu mdomo wangu." Akashika njia ya Nyamarambe.

Mimi nimebaki na swali lake. Nakiri kwako, kwa kuwa sina mwingine: katika magomvi yetu yote, sikuanza kukusemesha hata mara moja. Niliingoja kadi yako, nikijiambia mwanamume hatangulii. Sasa nyumba imenyamaza kweli, na ningetoa chochote unigombeze juu ya yule ng'ombe, kwa sauti, majirani wote wasikie.

Pumzika, mke wangu. Siku zangu si nyingi. Nikikukuta bado umenuna, naahidi, nitaanza mimi.

Mumeo