Pikapu ya Madume Tisa

Jumanne, 30 Machi 1976

Leo nimechukua ufunguo. Sikuomba. Nimeutoa msumarini nyumbani kwa mwanangu Bartolomeo nikautia kwenye koti, nikatoka. Ufunguo wa pikapu yangu! Madume tisa niliyaswaga mwenyewe mpaka mnadani Karatu, tisa, hata moja halikuonyesha mbavu. Nikauza, pikapu ikaja. Tangu siku hiyo nakaa upande wa kushoto kama mgonjwa anayepelekwa zahanati, na usukani anashika mwanangu. Eti kwa sababu aliendesha gari la shamba la kahawa kule Oldeani miaka kumi na moja. Kwani lilikuwa lake?

Amekuja jioni, kavimba. Baba, gari si plau ya ng'ombe. Nimemwambia plau ya ng'ombe nilishika kabla sijamjua mama yake. Akasema nitaua mtu. Nikasema basi nitaanza na wewe.

Amekubali kunifundisha. Lakini nifuate maneno yake kama mtoto wa darasa la kwanza. Haya. Tutaona nani mtoto.

Daftari hili ni la kisomo. Anatufundisha Lukresia, mke wa huyo huyo Bartolomeo. Kasema wazee tuandike kila siku japo mistari miwili. Wenzangu wanaandika kuku ametaga. Mimi naandika mambo.

Jumatano, 31 Machi 1976

Chini kuna vyuma vitatu vya kukanyaga. Miguu miwili. Aliyetengeneza hakuhesabu.

Klachi mguu wa kushoto. Breki na mafuta mguu wa kulia, zamu kwa zamu. Bartolomeo hasemi, anabweka. Klachi! Klachi baba! Achia polepole! Polepole gani hiyo! Mimi sijawahi kufokewa hata na mkoloni.

Imezimika mara saba. Yeye anasema kumi na nne. Anahesabu na za pale mwanzo, zile nilikuwa najaribu tu.

Mwisho imekwenda. Kutoka kwenye zizi mpaka kwenye mti wa jirani yangu Yohani, bila kuruka. Yohani alikuwa anapalilia, akaacha jembe. Wazee wa rika langu Mbulumbulu nzima, nani ameendesha? Hakuna.

Ijumaa, 2 Aprili 1976

Ugomvi. Pale mbele chini ya kioo kuna kijiti kimejitokeza, kizuri, kimekaa kama kigingi. Nimetundika kofia yangu. Kofia ina uzito, ni ile ya ngozi. Tumekwenda mpaka dukani, pikapu inakohoa, inatoa moshi mweusi kama tanuri la mkaa, inanuka petroli mpaka Germana mke wangu anaziba pua kwa kanga.

Bartolomeo amesimamisha. Amefungua boneti, ameangalia, amefunga. Halafu ameiona kofia. Ndipo akasema, baba, hiyo ni choki. Inavutwa asubuhi gari likiwa baridi, likipata moto unairudisha. Wewe umeliziba pumzi kutwa.

Nikasema kigingi ni kigingi. Kama hawataki mtu atundike kofia wasiweke kigingi.

Akaitupa kofia nyuma. Kofia ya baba yake, aliitupa! Nilirudi kichwa wazi.

Jumatatu, 5 Aprili 1976

Mvua. Leo nimejifunza waipa. Iko moja tu inayofanya kazi, ya kwangu. Ya upande wa pili imekufa, inatosha, aliyekaa huko anaona nini.

Indiketa sitaki. Bartolomeo ananung'unika, baba, washa indiketa, unakata kona. Nikamwambia kila mtu Mbulumbulu anajua ninakokwenda. Na asiyejua haimhusu.

Honi ninaipenda. Kioo cha pembeni nacho ni kizuri, nimemwona Patrisi katekista akitikisa kichwa nilipompita. Anadhani sioni.

Taa kuna ful na dim. Mimi natumia ful. Sikununua taa nusu.

Jumatano, 7 Aprili 1976

Rivasi. Nimegonga banda la kuku. Lilikuwa bovu. Germana anasema lilikuwa zima. Kuku wamepona wote, ila hawataki kurudi.

Jumapili, 11 Aprili 1976

Leo Jumapili ya Matawi. Nina hasira lakini nitaandika yote, ijulikane nilikuwa na haki.

Nimeendesha mimi, toka nyumbani mpaka kanisani Rhotia, abiria wamejaa bodi na matawi yao. Sikuua mtu. Misa ikaisha. Nje ya lango, pale maji ya mvua yanaposhuka, pamekuwa tope kama zizi la masika. Pikapu ikazama magurudumu ya nyuma.

Sasa, karibu na gia kuna virungu viwili vidogo. Jana Bartolomeo alinionyesha, haraka haraka kama mtu anayeiba. Kimoja chekundu, kimoja cha njano. Cha njano unakikandamiza, magurudumu yote manne yanavuta. Chekundu unakivuta nyuma, gari linapata nguvu, linatambaa kama kobe lakini linapanda. Basi.

Leo kasimama nje kwenye tope anapiga kelele mbele ya watu. Nyekundu, baba! Vuta nyekundu! Nikavuta nyekundu. Haikuja. Nyekundu! Ndiyo hii! Vuta kwa nguvu! Nikavuta kwa nguvu zangu zote, kikang'oka, kikabaki mkononi kama kiazi. Mguu ukaongeza mafuta wenyewe. Magurudumu yakazunguka, tope likaruka nyuma, akina mama wa kwaya wote na magauni meupe, wakawa kama wametoka kusiliba nyumba.

Bartolomeo akafungua mlango. Akatazama mkononi mwangu. Baba, hiyo ni ya njano!

Ya njano? Hii? Mimi nimechunga miaka hamsini. Ng'ombe wa rangi hii anaitwa mwekundu. Tangu babu yangu anaitwa mwekundu. Dume nililotoa mahari ya huyu Germana lilikuwa rangi hii hii, na wazee waliandika moyoni dume jekundu, hakuna aliyebisha. Na hicho kingine rangi yote imebanduka, chuma kitupu. Hicho ni cheusi!

Nikakinyanyua watu wakione. Yohani akaja, akakigeuza geuza, akasema, Hhando, umesema kweli, huyu ni mwekundu. Wazee wengine wawili wakasema mwekundu, tena safi, asiye na doa. Vijana wakaanguka kwa kicheko. Msichana mmoja wa kwaya, tope mpaka kwenye nyusi, akasema, shikamoo Mzee Nyekundu! Kicheko kikaanza upya.

Hapo Bartolomeo akapanda akanisukuma kwa nyonga, mimi baba yake, mbele ya parokia nzima, akanihamishia kushoto. Akavuta kile cheusi. Pikapu ikatoka kwenye tope kama mkate kwenye chai.

Njano! Njano ni rangi ya dukani.

Jumatatu, 12 Aprili 1976

Sisemi na mtu.

Nimekwenda kisomo. Lukresia ameandika ubaoni kwa chaki: NYEKUNDU. NJANO. NYEUSI. Hakunitazama. Wazee wote wamenitazama. Nimechukua fimbo yangu nimetoka.

Ufunguo niko nao. Nalala nao.

Jumanne, 13 Aprili 1976

Wamekuja, Bartolomeo na Patrisi katekista. Patrisi kaletwa awe shahidi. Bartolomeo anataka ufunguo. Anasema kirungu amekirudishia kwa waya, lakini safari ijayo kitavunjika kitu kisicho na waya. Anasema ana watoto, hataki wazikwe na pikapu.

Nikamwambia unataka ufunguo uende nayo Arusha ukabebe nyanya za watu. Akasema ndiyo, baba, kuliko kubeba kofia.

Patrisi akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

Tumefikia hivi, Patrisi ameandika na mimi nimeandika, mwandiko wangu ni mkubwa kuliko wake. Jumamosi nipakie magunia kumi ya mbegu ya ngano pale Rhotia, niyalete nyumbani peke yangu kwa ule mlima. Nikifika, ufunguo ni wangu mpaka nife, na Bartolomeo hatatia neno. Lakini mkono wa mtu ukiisaidia pikapu, hata mmoja, hata wa mtoto, ufunguo unakwenda kwa Bartolomeo siku hiyo hiyo.

Nikakubali kabla Patrisi hajamaliza kusoma.

Ijumaa, 16 Aprili 1976

Ijumaa Kuu. Hatuli, hatuendeshi. Nimekaa ndani ya pikapu injini imezimwa, ninakanyaga. Klachi, gia, mafuta. Klachi, gia, mafuta.

Germana ameniletea maji. Akasema, Baba Bartolomeo, mpe mtoto ufunguo. Ni wako huyo, umemzaa, hatakunyima safari.

Ndiyo hiyo! Hataninyima. Nitakuwa naomba. Baba anakwenda wapi leo? Baba subiri kesho. Baba petroli hakuna. Nitaombaomba kwenye gari langu mpaka siku watakayonilaza bodini kwenye sanduku, na hiyo nayo ataendesha yeye.

Sikumwambia. Nimemwambia maji ni ya moto.

Jumamosi, 17 Aprili 1976

Asubuhi, Rhotia. Magunia kumi yamepakiwa. Germana amekaa juu yake na rozari. Nimemkataza, hasikii, mwisho nimemshika mguu akapanda. Amesema kama ni kufa tufe pamoja. Bartolomeo atafuata nyuma na baiskeli ahakikishe. Patrisi anangoja juu shuleni na nusu ya kijiji. Waje wote!

Choki nimevuta, nimerudisha. Gari limepata moto. Nakwenda.

Mlimani.

Ninaandika hapa hapa, daftari juu ya usukani. Waone mzee amesimama makusudi, ana shughuli ya kuandika.

Nilikuwa nakwenda vizuri. Gia namba tu, ile ya pili, pikapu inanguruma kama simba, kona mbili za kwanza nimezimeza. Kona ya tatu, ng'ombe! Barabara nzima. Ng'ombe wa Lembris, yule Mmasai mwenye shingo ndefu, anawapandisha msituni. Nimepiga honi. Ng'ombe wa Lembris hawajui honi. Nimekanyaga breki na breki imeshika, lakini mguu wa klachi ulichelewa. Ikazimika.

Hilo si kosa. Kusimama siyo kusaidiwa.

Lembris akaja dirishani na mkuki wake akanisalimia. Habari za mvua. Za mashamba. Za watoto, za ng'ombe, za mama pale juu. Zote nimejibu nzuri, nzuri, mguu umekandamiza breki. Hana haraka mtu yule. Mwisho akachungulia chini akasema, mzee, huo mguu unacheza ngoma gani? Nikamwambia awaondoe ng'ombe wake kabla sijawafanya nyama ya Pasaka. Amecheka amekwenda zake. Ng'ombe wamekwisha pita. Barabara nyeupe.

Sasa. Hendibreki nimeivuta mpaka mwisho, inashika pikapu tupu, haishiki magunia kumi. Gia namba wani ikielemewa inaruka yenyewe. Nimejaribu kuwasha mara moja: mguu ukitoka breki kwenda kwenye mafuta, tunarudi nyuma. Tumerudi hatua tatu. Germana akamtaja Bikira Maria. Nikarudi kwenye breki.

Nyuma hakuna ukuta. Kuna korongo. Naliona kwenye kioo, na miti yake.

Na Bartolomeo namwona. Baiskeli ameilaza. Ameokota jiwe kubwa, amelishika kwa mikono miwili, kasimama nyuma ya gurudumu kidogo pembeni. Haliweki. Amesema, baba, sema neno moja tu. Sema weka.

Nimefungua daftari.

Nimemwambia Germana shuka. Hiyo nayo siyo msaada, mtu anashuka kwenye gari anapotaka. Amesema hashuki mpaka mwanawe aweke jiwe, na jiwe haliwekwi mpaka mimi niseme. Wameungana. Mama na mtoto wameungana tangu siku alipomzaa.

Jua limepanda. Watu wameanza kushuka kutoka shuleni kuangalia kilichotuweka. Patrisi yuko mbele, namjua kwa kanzu. Wakifika wataanza kusukuma bila kuulizwa, hawa watu hawana adabu, mikono ishirini.

Mguu ulikuwa unatetemeka mpaka kwenye goti. Sasa unatetemeka mpaka kwenye nyonga. Nimeweka na wa kushoto juu yake. Miguu yote miwili juu ya chuma kimoja.

Bartolomeo amesema tena. Safari hii hakubweka. Amesema kidogo kidogo, kama alivyokuwa akiniamsha alipokuwa mdogo anaumwa. Baba. Mama yuko juu.

Najua yuko juu. Mimi ndiye niliyempandisha mguu.

Jiwe ni zito, mikono yake nayo inatetemeka, naona kwenye kioo. Hajaliweka chini. Hajaliweka kwenye gurudumu. Huyu ni mwanangu kweli.

Pikapu imesogea. Kidogo, kiganja kimoja. Breki nimeikanyaga mpaka chini kabisa, hakuna tena pa kukanyaga, na imesogea. Germana ameacha kusali, anagonga bodi kwa ngumi, mara moja, mara moja. Kalamu nashika kwa mkono mmoja, wa pili nimeutoa dirishani, nimesema: weka.