Kitambaa cha Ile Meli ya Hewani

Jumanne, mvua tangu alfajiri. Mlima hauonekani, ziwa halionekani. Naandika Zaina akiwa mgongoni, maana nikimshusha tu analia.

Kesho Masista wa hospitali watamfungua mume wangu Hamisi bandeji za macho.

Ijumaa, watu wakitoka msikitini, tuliona kitu juu ya ziwa. Kirefu, kimya, hakina mabawa, kinang'aa kama sufuria mpya. Jirani yetu karani akasema ni zile sahani za angani ambazo Wazungu wanazisoma gazetini, ndani mna watu wa nyota. Nikamfunika mtoto kanga.

Baba mkwe akacheka. Yeye alikuwa askari wa Mdachi, yaani Mjerumani, katika ile vita ya kwanza.

"Watu wa nyota gani? Ile ni meli yetu! Wakubwa walituahidi meli ya hewani, ilete dawa na risasi. Ikifika tuikate yote, nguo yake iwe mashati na bandeji. Tulingoja, haikukuja."

"Baba, vita iliisha zamani," Hamisi akasema.

"Basi, imechelewa."

Tulicheka mpaka machozi. Sijamsikia Hamisi akicheka tena.

Jumamosi kikaanguka kwenye shamba la viazi upande wa Busasamana. Hamisi ni fundi cherehani, na kitambaa cha bure fundi gani atakiacha? Akachukua mkasi, wakapanda mlima na baba yake. Waliokuwepo wanasema alikuwa amekata kipande kimoja tu, mfuko wa hewa wa kile kitu bado umevimba upande mmoja, baba mkwe akasogea kumshikia. Kiko chake mdomoni, kinawaka. Hewa ya ndani ikashika moto.

Baba mkwe aliungua mikono. Hamisi, uso.

Jana askari walikuja na lori, wakaokota hata nyuzi. Ni kitu cha jeshi gani, hawasemi. Mmoja akasimama mlangoni kwangu.

"Mama, hapa hakuna kitu kilianguka. Muliona nyota. Umesikia?"

"Nimesikia, bwana."

"Na bwana yako iko wapi?"

"Iko hospitali. Nyota ilimuchoma."

Akatazama viatu vyake, akaenda.

Baba mkwe hali chakula. Ananiuliza neno moja tu: "Mama Zaina, kweli haikukuwa yetu?" Namwambia sijui, baba. Sitaki kumchukia. Saa nyingine inanishinda.

Kile kipande hawakukipata. Kilikuwa mfukoni mwa koti la Hamisi, nilikikuta nikifua. Kwanza nilitaka kukitupa chooni. Halafu nikakaa kwenye cherehani yake, nikamshonea Zaina kofia. Mshono umepinda, Hamisi angenicheka.

Kesho nitaificha chini ya kanga mpaka ndani ya hospitali. Wakifungua bandeji, nitamvika mtoto, nimsogeze dirishani mbele ya baba yake. Sista amesema tusitumaini sana. Mimi natumaini. Kama macho yake yatashika kitu chochote duniani, yashike ule mng'ao, na chini yake uso wa binti yake.

Mvua, nakuomba, kesho tuachie jua.