Matofali ya Nyumba ya Mama Mukwe

Bunia, siku ya posho (Jumamosi), mwezi wa munane 1981

Miye nilizaliwa na bahati ya macho. Wengine wanapima na metre, miye naangalia tu. Kwa nyumba ya mama mukwe hapa mutaa wa Shari nilizunguka kamba ya musingi mara moja, mikono nyuma, nikasema, "Matofali elfu tatu." Leo mwashi Kasereka ameweka ya mwisho. Imebaki mbili.

Mama mukwe alikuja kuona. Kwa heshima hakuniangalia usoni, alisema na muke wangu, na miye nasimama pale pale.

"Ambia bwana yako, hata kwetu Butembo hawajue kuhesabu hivi. Mvua ikuje sasa. Niko na chumba, niko na sebule."

"Ambia mama yako ni kazi ndogo," nikajibu.

Kasereka akaanza kukohoa. Muke wangu akageuka upande wa ukuta, mabega inatikisika na kicheko.

Kaye hii, daftari yangu, mama mukwe haisome, basi niandike kweli. Nilihesabu kuta ine za inje, nikasahau ule wa katikati, wenye kugawa chumba na sebule. Siku ya tatu matofali iliisha, na mawingu ilikuwa inakusanyika. Miye na Kasereka tukavunja jikoni yangu, tofali kwa tofali. Muke wangu anapika inje, chini ya bati mbili, na anaimba.

Ile bahati ya macho ni uongo. Siko nayo, na jikoni pia siko nayo tena.